Sheria ipo, pakiti haifiki: kutatua matatizo ya fayawoli kwenye MikroTik

Fundi anayeitwa kwa sababu "fayawoli haizuii" (fayawoli ni kichujio cha mtandao) mara nyingi hukuta sheria ya kuzuia imeshaandikwa. Anwani ni yenyewe, poti ni yenyewe, na kitendo ni `drop` (kutupa) kama inavyotakiwa. Kasoro ni kwamba pakiti (kipande cha data) haiifikii sheria hiyo, kwa kuwa imeshaamuliwa na sheria nyingine iliyo juu yake. Asipoliona hilo, fundi huongeza sheria ya pili chini ya ile ya kwanza, na anayekuja baada yake huongeza ya tatu. Ndivyo ofisi yenye kompyuta kumi inavyoishia na orodha ndefu ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

Hapa tutaanza na malalamiko jinsi mteja anavyoyasema, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mifano yote ni ya RouterOS, programu inayoendesha ruta za MikroTik, kwa sababu ndizo ninazozikuta mashuleni, kwenye hoteli ndogo na kwa wanaosambaza intaneti mtaani.

Pakiti hupita wapi

Sheria za kuchuja zimegawanyika katika minyororo. Pakiti inayoishia kwenye ruta yenyewe, kwa mfano mtu anapoifungua kwa WinBox (programu ya kuisimamia ruta) au kuiuliza DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani), hupita mnyororo wa `input`. Inayopita katikati, kutoka simu ya mgeni hotelini kwenda intaneti au kurudi, hupita `forward`. Inayozaliwa ndani ya ruta na kutoka nje hupita `output`. Pakiti haipiti `input` na `forward` kwa pamoja, ni moja au nyingine.

Ndani ya mnyororo, ruta husoma sheria kuanzia juu kwenda chini. Sheria ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayoamua, na zilizo chini yake hazisomwi tena kwa pakiti hiyo. Vipo vitendo visivyoamua, kama `log`, `passthrough` na `add-src-to-address-list`: hivyo hufanya kazi yao kisha pakiti ikaendelea kushuka. Na pakiti ikifika mwisho bila kukutana na sheria yoyote inayoihusu, hupitishwa.

Hilo la mwisho huwaponza waliojifunzia kwingine. Kwenye orodha za Cisco, kisichotajwa kinakataliwa. Kwenye pf ya OpenBSD, sheria ya mwisho inayolingana ndiyo hushinda, isipokuwa ukiandika neno `quick`. MikroTik haifanyi lolote kati ya hayo mawili. Usipoandika wewe mwenyewe sheria ya mwisho ya kutupa, mlango uko wazi.

"Nimemfungia, lakini bado anaendelea"

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko mengine yote. Mwenye ofisi anataka kompyuta ya 192.168.88.50 isiende intaneti. Fundi anaandika:

`/ip firewall filter add chain=forward src-address=192.168.88.50 action=drop`

Video iliyokuwa ikicheza inaendelea kucheza, na fundi anadhani ruta ni mbovu.

Tazama sheria zinazokuja na ruta kutoka kiwandani. Kwenye `forward`, karibu na juu, ipo ya `fasttrack-connection` (njia ya mkato kwa miunganisho iliyokwisha kukubaliwa), na chini yake ipo inayopitisha kila pakiti yenye hali ya `established`, `related` au `untracked` (ya muunganisho uliokwisha kukubaliwa, unaohusiana nao, au usiofuatiliwa). Maana yake, muunganisho ulioanza kabla ya sheria yako umeshatambuliwa kuwa halali, na pakiti zake zote hupitishwa hapo juu. Sheria yako, ambayo `add` imeiweka mwisho kabisa wa orodha, itakutana na miunganisho mipya tu. Ile ya zamani itaendelea mpaka ijifie yenyewe.

Sheria za kiwandani hazina kosa. Kuweka `established` juu ndiko kunakoifanya ruta ndogo isichoke, kwa kuwa sehemu kubwa ya pakiti ni za miunganisho iliyokwisha kukubaliwa na hazina haja ya kushuka orodha nzima. Usiihamishe. Kinachotakiwa ni kuifuta miunganisho ya zamani ya mtu huyo kwenye jedwali la miunganisho la ruta, ili kila kitu kianze upya na kukutana na sheria yako:

`/ip firewall connection remove [find src-address~"192.168.88.50:"]`

Nukta mbili baada ya 50 ina kazi: jedwali huandika anwani pamoja na poti, na bila alama hiyo, kwa anwani kama 192.168.88.5, ungewagusa pia wenye 192.168.88.50 hadi 192.168.88.59.

Kama hata miunganisho mipya inapita, basi ipo sheria ya `accept` (kupitisha) pana zaidi juu ya yako. Mtindo ninaoukuta mara kwa mara ni sheria iliyoandikwa "kwa muda" siku ya kujaribu jambo, yenye `chain=forward action=accept` pasipo sharti lolote. Hiyo hupitisha kila kitu, na yote yaliyo chini yake ni maandishi tu.

Namna ya kuikamata ni kusoma hesabu. Kila sheria ina hesabu ya pakiti na baiti ilizozikuta:

`/ip firewall filter reset-counters-all`
`/ip firewall filter print stats`

Zirudishe kwenye sifuri, mwambie mtu afungue ukurasa kwenye kompyuta inayohusika, kisha usome tena. Sheria yako ikibaki na sifuri, pakiti haijaifikia, au imeifikia na masharti hayalingani. Ile iliyopanda ndiyo iliyokula pakiti. Kazi hii ni ya dakika mbili, nayo inaokoa saa nzima ya kubahatisha. Ningekuwa na fundi mdogo wa kumfundisha jambo moja tu kuhusu fayawoli, ningemfundisha kusoma hesabu hizi kabla hajaandika sheria nyingine.

Ukishaijua sheria inayokuzuia, hamisha yako ipande juu yake. Kwenye mstari wa amri ni `print` kwanza, kisha `move 7 2`, yaani yenye nambari 7 iende mahali pa nambari 2 (hesabu huanza na 0). Namba hizo hutolewa na `print` ya wakati huo. Usizitumie ndani ya skripti, kwa sababu kesho sheria nambari 7 inaweza kuwa nyingine kabisa. Ndani ya skripti tafuta kwa maelezo, `[find comment="zuia-mapokezi"]`. Hii ni sababu nzuri ya kuipa kila sheria maelezo, tena kwa lugha ambayo fundi ajaye ataielewa.

Kwenye WinBox unaweza kuikokota kwa kipanya, lakini hakikisha orodha imepangwa kwa safu ya alama `#`. Ukiwa umebofya kichwa cha safu nyingine, mpangilio unaouona sio inaoufuata ruta. Nimewahi kukaa na mtu aliyekuwa na uhakika kabisa kwamba sheria yake iko juu. Kwenye skrini ilikuwa juu kweli, kwa herufi.

"Saa za kazi wasifungue, lakini wanafungua"

Sheria za muda zina matatizo yao. Tuseme ofisi inataka kundi fulani la anwani lisipate intaneti Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tuna sharti la `time=8h-17h,mon,tue,wed,thu,fri`.

Kwanza angalia kama aliyeandika alihesabu saa kwa Kiswahili. Ruta hujua saa za kuanzia usiku wa manane, na `2h-11h` kwake ni saa nane usiku hadi saa tano asubuhi. Maagizo ya mteja huja kwa mdomo, kwa hiyo geuza saa wakati unayaandika na umsomee tena.

Pili, angalia saa ya ruta yenyewe kwa `/system clock print`. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, ruta huwaka na saa iliyobaki nyuma, na katika matoleo ya zamani hurudi hadi mwaka 1970. Mpaka ipate saa sahihi kwa NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao), sheria ya muda inafanya kazi kwa siku isiyokuwa yenyewe. Washa mteja wa NTP, weka ukanda wa saa `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`, na uhakikishe mnyororo wa `output` hauzuii UDP poti 123, inayotumiwa na NTP.

Tatu, ni lile la miunganisho ya zamani tena. Aliyefungua video saa mbili kasoro dakika mbili ataendelea nayo, kwa kuwa saa mbili ilipofika muunganisho wake ulikuwa umeshakubaliwa. Sheria ya muda ikae juu ya `fasttrack` na `established`, na kundi hilo la anwani liondolewe kwenye `fasttrack` kabisa. Pakiti iliyowekwa kwenye njia hiyo ya mkato huruka fayawoli, na kuipandisha sheria peke yake hakutoshi.

Njia hiyo hiyo ya mkato huruka pia foleni za kugawa kasi. Ukisikia "nimempa mbili lakini anavuta kumi", anza na `fasttrack` kabla hujailaumu foleni.

"Nimefunga tovuti kwa jina, simu zinaifungua"

Sharti la `tls-host` husoma jina la tovuti ambalo kivinjari hulitaja mwanzoni mwa mazungumzo ya siri. Jina hilo hutajwa baada ya TCP kukamilisha salamu zake, yaani muunganisho umeshakuwa `established`. Kwa hiyo sheria iliyo chini ya `established` haitaliona jina hata siku moja. Ipandishe juu, na utoe trafiki ya poti 443 kwenye `fasttrack`. Gharama yake ni kwamba ruta itafanya kazi zaidi, na kwa ruta ndogo yenye watu wengi utaiona CPU ikipanda.

Hata hapo usitegemee mno. Tovuti kubwa hutumia QUIC, njia mpya ya kusafirisha kurasa, ambayo hupita UDP poti 443 wakati `tls-host` hushughulika na TCP peke yake. Ukizuia UDP 443, vivinjari vitarudi kwenye TCP. Lakini tangu 2024 Chrome imekuwa ikituma salamu za mazungumzo ya siri, zile zenye jina, zikiwa ndefu zaidi kwa ajili ya usimbaji mpya, nazo hukatika vipande viwili, na `tls-host` haisomi salamu iliyokatika. Mimi siku hizi hufungia majina kwenye DNS, kisha fayawoli inafanya kazi moja inayoiweza: kuwazuia watu wasitumie DNS nyingine ya nje.

"Nimefungua poti ya kamera, lakini nje hazionekani"

Hapa kuna vyanzo vinne, na naviangalia kwa mfuatano huu.

Anwani ya nje kwanza. Angalia anwani iliyo kwenye kiolesura cha nje cha ruta (mlango wake unaoelekea intaneti). Ikiwa ni kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au namba yake ya kwanza kabla ya nukta ni 10, mtoa huduma wako amekuweka nyuma ya NAT yake (utafsiri wa anwani, wateja wengi wakitumia anwani moja ya umma). Sheria zako zinaweza kuwa kamili na bado hakuna pakiti itakayobisha hodi, kwa kuwa inakwama kwake. Omba anwani ya umma, au tumia VPN. Mafundi wamepoteza siku nzima wakihamisha sheria wakati jibu lilikuwa hapa.

Kisha sheria ya kuchuja. Utafsiri wa anwani kwa `dstnat` hufanyika kabla ya `forward`. Ukiwa umeelekeza poti 8080 ya nje kwenda 192.168.88.20 poti 80, `forward` itaiona pakiti ikienda 192.168.88.20 poti 80. Sheria ya `accept` iliyoandikwa kwa poti 8080 au kwa anwani ya umma haitalingana kamwe. Ruta yenye sheria za kiwandani haihitaji sheria hiyo kabisa, kwa kuwa ya mwisho kwenye `forward` hutupa miunganisho mipya inayotoka nje ambayo haikupitia `dstnat`, na iliyopitia huachwa ipite.

Tatu, jina la kiolesura. Ofisi iliyohamia PPPoE (kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila) ina kiolesura cha nje kinachoitwa `pppoe-out1`, na `ether1` imebaki kuwa waya tu. Kama `pppoe-out1` haimo kwenye orodha ya `WAN` (milango ya nje), kila sheria yenye `in-interface-list=WAN` inamsubiri mgeni kwenye mlango asiopita. Ni hivyo hivyo kwa modemu ya simu iliyochomekwa pembeni.

Mwisho, unajaribia wapi? Ukiwa ndani ya ofisi na ukaandika anwani ya umma, pakiti huenda kwenye ruta, ikaelekezwa kwenye kamera, na kamera ikakujibu moja kwa moja kwa kuwa mko mtandao mmoja. Kompyuta yako iliuliza anwani ya umma ikajibiwa na 192.168.88.20, kwa hiyo jibu linatupwa. Jaribu kwa simu yenye data yake kabla hujagusa lolote. Kama ni lazima ifunguke kutoka ndani pia, sheria ya `dstnat` itumie `dst-address-type=local` badala ya kiolesura cha nje, na uongeze `masquerade` (kuficha anayeuliza nyuma ya anwani ya ruta) ya 192.168.88.0/24 kwenda 192.168.88.20.

Unaposoma hesabu za NAT, usishangae zikiwa ndogo. Ni pakiti ya kwanza tu ya kila muunganisho hupita kwenye orodha hiyo.

"Kila tovuti inafungua ukurasa wa kamera"

Hili linatisha kwa sura, lakini chanzo chake ni kimoja. Mtu ameandika `chain=dstnat protocol=tcp dst-port=80` na kuielekeza kwenye kinasa cha kamera, bila kutaja kiolesura wala anwani. Sheria hiyo inalingana na kila pakiti ya poti 80, hata za wafanyakazi wanaokwenda tovuti za watu. Ikiwa ni poti 443, watalalamika kwamba vivinjari vinawaonya kuhusu cheti. Ongeza `in-interface-list=WAN` au `dst-address-type=local`.

"Intaneti nzito, ruta inachemka, hakuna anayetumia"

Fungua Torch, chombo cha ruta cha kuona trafiki, kwenye kiolesura cha nje. Ukiona UDP poti 53 kutoka anwani usizozijua, ruta yako inajibu maswali ya DNS ya dunia nzima, na inatumiwa kuwashambulia wengine. Hutokea pale `allow-remote-requests` ikiwa `yes` na `input` haina ulinzi. Wengi huandika kizuizi kwenye `forward` na hakisaidii kitu, kwa sababu maswali hayo yanaishia kwenye ruta yenyewe. Andika kwenye `input`, uiweke juu ya `accept` yoyote pana, na urudie kwa TCP:

`/ip firewall filter add chain=input in-interface-list=WAN protocol=udp dst-port=53 action=drop place-before=0`

Hiyo ni huduma ya kwanza. Tiba yenyewe ni kwamba `input` iishie na sheria inayotupa kila kisichotoka `LAN` (mtandao wa ndani), kama ile ya kiwandani, ambayo baadhi ya mafundi huifuta ili waingie kwa WinBox wakiwa nyumbani. Nawaomba sana wasifanye hivyo. Mwaka 2018 udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2018-14847 uliwaruhusu watu kusoma nywila kupitia poti 8291 ya WinBox bila kuingia, na ruta kwa maelfu duniani zikageuzwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia vivinjari vya wateja. Marekebisho yalikuwa yametoka mwezi Aprili mwaka huo. Wenye `input` iliyofungwa walikuwa salama dhidi ya mashambulizi ya kutoka nje hata kabla ya kusasisha.

Sheria inaonekana sawa, hesabu ni sifuri, na hakuna kinachoikula

Basi pakiti haipiti kwenye orodha unayoitazama. Kompyuta mbili zilizo kwenye daraja moja (poti za ruta zilizounganishwa kuwa mtandao mmoja) huzungumza bila kupita fayawoli ya IP, mpaka uwashe `use-ip-firewall` kwenye mipangilio ya daraja. Njia bora zaidi ni kuzitenganisha kwa VLAN (mitandao tofauti ndani ya vifaa vile vile). Au trafiki inatumia IPv6, mfumo mpya wa anwani. RouterOS 7 imeiwasha tangu mwanzo, nayo ina orodha yake kwenye `/ipv6 firewall filter`. Mtoa huduma anayegawa IPv6 anaweza kukuachia nusu ya mtandao nje ya kila ulichoandika.

"Nimejifungia nje"

Umeandika `drop` kwenye `input`, dirisha limeganda. Ukiwa karibu na ruta, chomeka waya kwenye poti ya ndani, fungua WinBox, na uiunganishe kwa anwani ya MAC (ya kifaa chenyewe) badala ya IP. Njia hiyo haipiti fayawoli ya IP, kwa hiyo utaingia, isipokuwa kama mtu ameifunga kwenye mipangilio ya MAC server.

Ukiwa mbali, dawa ni ile uliyoinywa kabla. Bonyeza Ctrl+X kwenye mstari wa amri, au kitufe cha Safe Mode kwenye WinBox, kabla ya kugusa `input` ya ruta iliyo mji mwingine. Muunganisho wako ukikatika, ruta itaona umepotea na kurudisha yote uliyobadilisha. Mambo yakiwa sawa, bonyeza Ctrl+X tena ili yabaki.

Ukishaingia, usifute sheria. Izime kwa `disable`, uangalie mtandao siku mbili tatu, na kabla ya kuhamisha chochote toa nakala kwa `/export file=kabla-ya-kuhamisha` uichukue kwenye kompyuta yako.